Pingu za Liongo na Rangi ya Kupuliza



Jioni hii nataka tuzungumze kuhusu chuma ambacho si chuma. Nakusudia pingu, mapanga, ngao, deraya na mataji yanayoshikwa na kuvaliwa jukwaani, pamoja na rangi ya kupuliza inayotiwa juu yake ili mtazamaji aamini. Nawaelekea zaidi walimu wa sanaa, wanafunzi, na vikundi vya mitaani vinavyoandaa maonyesho kwa fedha kidogo. Kuna jambo nimeliona likijirudia mwaka hadi mwaka, na linaniuma. Waigizaji wamefanya mazoezi muda mrefu, maneno yamewakaa, sauti zinafika mpaka viti vya nyuma, halafu anatokea shujaa na upanga wa kadibodi unaong'aa kama karatasi ya peremende. Ukumbi unacheka. Watu hawana nia mbaya, macho yao yamekataa tu. Lakini mwigizaji ameshaupoteza ukumbi, na kuurudisha kutamgharimu sehemu kubwa ya mchezo.

Kadibodi haina hatia hapo. Upanga ule umeangushwa na dhana kwamba chuma ni kung'aa. Nenda kaitazame nanga ya jahazi iliyolazwa ufukweni, au jembe lililochoka, au komeo la mlango wa kale. Panapong'aa ni wapi? Ni pale tu panaposuguliwa: kwenye ncha, ukingoni, mahali ambapo mkono unapita kila siku. Kwingine kote chuma kimefifia, kina vishimo, kina mabonde ambamo weusi umejikusanya. Jicho hukitambua chuma kwa vivuli vile vidogo kabla ya kukitambua kwa mng'ao wake. Basi anayetaka kutengeneza chuma cha jukwaani atafute kwanza umbile la uso wake. Mng'ao uje mwisho, tena uje kidogo.

Tuchukue mchezo mmoja ili maneno yapate pa kushika. Tuchukue Fumo Liongo, ambaye kisa chake kinajulikana pwani nzima, kisa ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Kijumwa mwenyewe alikuwa fundi wa kuchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri, mtu wa mikono, na ukikisoma kisa kile kwa jicho la fundi utaona kwamba kimejaa vyuma. Liongo anafungwa Pate, amepigwa pingu na minyororo. Mama yake anatuma mikate gerezani kwa mkono wa kijakazi. Walinzi wanakula mikate mizuri, wanamwachia mfungwa mkate wa wishwa, na ndani ya mkate huo mna tupa. Liongo anaomba ngoma ipigwe, na kelele za ngoma na matoazi zinafunika sauti ya tupa inayokata chuma. Mwishoni anauawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba, kitovuni.

Hesabu vyuma hivyo. Kuna mnyororo, ambao ni chuma cheusi kilichofuliwa. Kuna tupa, ambayo ni chuma kigumu chenye mistari. Kuna matoazi ya shaba ya manjano. Kuna sindano ya shaba nyekundu, na hiyo ndiyo inayobeba kilele cha kisa chote, kwa sababu hakuna silaha nyingine inayoweza kumuua Liongo. Sasa fikiria vitu vyote vinne vimepuliziwa kopo moja la rangi ya fedha. Umeshakiua kisa. Mtazamaji hawezi kujua kwa nini sindano ile ni ya ajabu ilhali inafanana na kila kitu kingine jukwaani.

Nianze na mnyororo, kwa kuwa ndio wenye kazi kubwa.

Mnyororo wa kweli wa kumfunga mtu shujaa ni mzito, unachubua ngozi, na mwigizaji hawezi kukaa nao usiku baada ya usiku. Tunaufanya kwa bomba la plastiki la maji. Unalikata pete za upana wa kidole kimoja, unapasua kila pete upande mmoja, unaipasha moto kidogo ilegee, unaivuta iwe ya mviringo mrefu, unazipitisha pete moja ndani ya nyingine, kisha unaziba ule mpasuko kwa gundi. Njia hii inaheshimika duniani. Filamu za The Lord of the Rings, zilizopigwa New Zealand, zilivalisha waigizaji deraya zilizotengenezwa kwa pete za plastiki zilizokatwa kutoka kwenye bomba na kuunganishwa kwa mkono, mamilioni kwa mamilioni.

Plastiki ya bomba ni laini na inateleza, kwa hiyo rangi haiishiki mpaka uikwaruze kwa msasa na kuifuta vumbi. Baada ya msasa inakuja praima, na juu ya praima ndipo tunapofika kwenye rangi ninayotaka kuisifu jioni hii. Hii ni rangi ya metali ya kupuliza ambayo ikikauka inaacha uso wenye vibonde vidogovidogo, kana kwamba fundi ameugonga kwa nyundo. Makopo yake yanapatikana kwenye maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi, na wachomeleaji wa mageti wanaifahamu vizuri. Hammerite ya Uingereza na Rust-Oleum ya Marekani ni majina mawili yaliyoenea, ila si hayo peke yake. Ziko za fedha, nyeusi, kahawia, na za rangi ya shaba.

Siri yake inafaa kuelezwa, kwa sababu ukiijua hutaikosea. Ndani ya rangi ya metali mna vipande vya alumini vyembamba mno, mfano wa magamba ya dagaa waliosagwa, vikielea kwenye utomvu na kiyeyushi. Katika rangi ya kawaida ya fedha magamba hayo yanalala sawasawa, ndipo unapata uso mmoja unaong'aa. Katika rangi ya alama za nyundo watengenezaji wametia silikoni kidogo. Silikoni inaifanya rangi ijitenge: inakimbia sehemu moja na kurundikana sehemu ya pili, na magamba ya alumini yanafuata mwendo huo. Kiyeyushi kinapoondoka, rangi inaganda ikiwa katika hali hiyo ya vibonde na kingo.

Ukiipuliza, usigeuze uso mara moja. Simama uangalie. Kwanza inatua kama rangi yoyote, ya majimaji, ya kijivu isiyo na lolote. Halafu, bila wewe kufanya kitu, inaanza kufunguka: vidoa vinatokea, kila kidoa kinapanuka, vinakutana, na baina yake kunabaki kingo nyembamba zinazoshika nuru. Bomba la maji lililokuwa la kijivu linapata uso wa chuma kilichofuliwa.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama. Tumefundishwa kwamba rangi ya kupuliza inapigwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, ili isichuruzike. Hiyo ni kweli kwa rangi ya kawaida. Rangi ya alama za nyundo inahitaji unyevu wa kutosha ili iweze kutembea. Ukiipiga kama ukungu itakauka kabla ya kujitenga, utabaki na kijivu chenye chembechembe, bila kibonde hata kimoja. Piga tabaka moja jepesi la kushikia, kisha tabaka la pili lililoshiba, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 mpaka 30. Kwa kuwa tabaka lililoshiba litachuruzika likisimamishwa, laza kitu chako. Mnyororo uutandaze juu ya kamba au waya zilizonyooshwa usawa, upige upande mmoja, uache ukauke, uugeuze. Tikisa kopo mpaka ile gololi ya ndani igonge kwa uhuru, na uendelee kwa dakika nzima baada ya hapo, kwa sababu magamba yale ya alumini hutuama chini. Kwenye makopo mengi yameandikwa kwamba tabaka jingine lipigwe ama ndani ya muda mfupi, au baada ya siku moja au mbili. Tafadhali lifuate sharti hilo. Ukipuliza katikati, kiyeyushi kipya kinaiamsha rangi iliyokauka nusu, nayo inakunjamana.

Hali ya hewa yetu nayo ina usemi. Saa saba mchana juani, kiyeyushi kinaruka kabla rangi haijajipanga. Wakati wa masika, hewa ya pwani ikiwa nzito kwa unyevu, baadhi ya rangi zinatoka na ukungu mweupe. Kwa hiyo asubuhi, jua likishakausha umande lakini halijawa kali, kivulini na mahali penye upepo wa kupita, ndipo penye kazi nzuri.

Mnyororo ukikauka bado ni kazi nusu. Ni chuma kipya cha dukani, na Liongo hakufungwa kwa chuma cha dukani. Chukua rangi nyeusi iliyochanganywa na kahawia kidogo, izimue mpaka iwe kama maji ya chai, paka mnyororo wote, kisha ufute mara moja kwa kitambaa. Rangi itabaki vibondeni tu. Ghafla kila kibonde kina kivuli chake, na huu ndio wakati ambao mimi huupenda kuliko yote katika kazi hii. Ndani ya pete, pale zinaposuguana, tia rangi ya fedha kidogo sana kwa brashi karibu kavu, kwa kuwa chuma kikisuguana hung'aa. Kutu uweke pale ambapo maji yangetuama, yaani sehemu za chini na kwenye maungio. Kahawia iliyoiva kwanza, chungwa kidogo juu yake. Wengi wanaipenda mno kutu, wanaitapakaza kila mahali mpaka mnyororo unafanana na udongo.

Tupa nitaipita haraka: tumia tupa ya kweli. Ni nyepesi, ni ya bei nafuu, na mistari yake hakuna kopo linaloweza kuiiga. Kata ule mkia wake wenye ncha, au uutie mpini. Si kila kitu kinahitaji ufundi wetu.

Sindano ya shaba ni jambo jingine kabisa, na hapa naomba msikilizaji anisikilize kwa makini, kwa sababu nitasema kinyume cha niliyosema kuhusu mnyororo. Sindano isipigwe rangi ya vibonde. Kitu chenye ncha, kilichosuguliwa kwa kusudi la kupenya, huwa laini. Vivyo hivyo makali ya upanga. Mara nyingi naona upanga mzima, kuanzia kitako hadi ncha, umepigwa rangi ya alama za nyundo, na jicho linasita, kwani hakuna mhunzi anayeacha alama za nyundo kwenye makali. Vibonde viweke kwenye kitako cha upanga, kwenye kombe la kati la ngao, kwenye mkanda wa kifua, kwenye kofia ya vita. Makali yawe laini, ya kijivu kilichotulia, na mstari mmoja wa fedha ukingoni.

Kwa sindano, chonga kijiti cha mti mgumu, urefu wa shubiri moja na nusu. Ni kubwa kuliko sindano yoyote, najua, lakini mtu aliyekaa mstari wa mwisho ana haki ya kuiona. Ncha iwe butu kabisa. Izibe mishipa ya mti kwa gundi ya mbao na msasa, mara mbili au tatu, mpaka kidole kisihisi nyuzi. Weka praima nyekundu ya udongo, kwa sababu wekundu huo unapenya na kuipa shaba joto, kisha puliza rangi ya shaba nyekundu, tabaka nyembamba, mara kadhaa. Ukitaka ionekane ya kale, uzee wa shaba ni weusi wa kahawia na ukijani unaoelekea buluu kwenye pembe. Kutu ya chungwa ni ya chuma. Ukiipaka kwenye shaba, mtu anayeijua shaba atashtuka, na pwani watu wanaijua shaba.

Kuhusu siwa, lile baragumu la enzi, kwani mchezo wowote wa watawala wa Pate utataka siwa: kabla ya kunyanyua kopo la dhahabu, kumbuka kwamba Lamu imehifadhi siwa mbili mashuhuri, ya Lamu ambayo ni ya shaba, na ya Pate ambayo ni ya pembe za ndovu. Kwa Pate, basi, huna haja ya metali. Unahitaji weupe uliofifia kuwa manjano, na michoro iliyojaa kahawia. Na ikiwa siwa yako ni ya shaba na mwigizaji ataipuliza kweli, pale panapogusa midomo pasipakwe rangi yoyote.

Kwa kuwa nimegusa midomo, niseme la afya sasa, na nitalisema bila haraka. Mwaka 1938 Hollywood ilipokuwa inatengeneza filamu ya The Wizard of Oz, mwigizaji aliyeanza kumwigiza Mtu wa Bati aliitwa Buddy Ebsen. Usoni alikuwa akipakwa vipodozi vilivyonyunyiziwa unga wa alumini. Unga ule ukaingia mapafuni mwake, akashindwa kupumua, akalazwa hospitali. Nafasi yake akapewa Jack Haley, na safari hii alumini ikachanganywa iwe marhamu ya kupaka badala ya unga unaopeperuka. Filamu ilitoka mwaka 1939 na dunia ikampenda Mtu wa Bati bila kujua yaliyompata mtu wa kwanza.

Magamba yaliyomo ndani ya kopo ni alumini ile ile, na yanaruka hewani pamoja na viyeyushi ambavyo si vya kuvutwa. Barakoa ya kitambaa inazuia matone, mvuke unapita. Ukiweza pata barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa vya kuzuia mvuke, zile wanazovaa mafundi waangalifu wa kupiga rangi magari gerejini. Ukiikosa, pulizia nje uwanjani, upepo ukiwa mgongoni kwako, na watoto wawe mbali. Gesi inayosukuma rangi inashika moto: pasiwe na jiko la mkaa karibu, wala sigara, na kopo lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala tupu lisitupwe kwenye moto wa takataka. Wala rangi hii isipulizwe kwenye ngozi ya mtu. Nimeona mwalimu akimpulizia mtoto mikono ili awe sanamu. Ninamwomba mwalimu yeyote anayenisikiliza asifanye hivyo kamwe. Kitu kilichopakwa nacho kipewe siku kadhaa kikauke mpaka harufu iishe, ndipo kivaliwe, kwa sababu jasho la mwigizaji litaifuata rangi iliyo mbichi.

Turudi kwenye rangi na deraya, maana kuna mambo mawili ya historia yanayonitia moyo kila mara.

La kwanza ni kwamba rangi ya metali ndiyo iliyoleta kopo la rangi lenyewe. Kopo la kupuliza kwa gesi lilibuniwa na Erik Rotheim wa Norwei katika miaka ya 1920, lakini aliyetia rangi ndani yake ni Edward Seymour, mwenye biashara ya rangi katika mji wa Sycamore, Illinois, mwaka 1949. Alikuwa anatafuta namna rahisi ya kuwaonyesha wateja rangi yake ya alumini, iliyotengenezwa kwa ajili ya vipasha joto vya nyumbani, na inasimuliwa kwamba mkewe Bonnie ndiye aliyempa wazo la kuitia kwenye kopo. Makopo yote ya nyekundu na buluu yaliyoko madukani leo yalitanguliwa na lile la fedha.

La pili ni la miaka michache kabla ya hapo. Laurence Olivier aliigeuza tamthilia ya Shakespeare, Henry V, kuwa filamu iliyotoka mwaka 1944, katikati ya vita kuu, wakati chuma cha Uingereza kilikuwa kinakwenda kwenye meli na vifaru. Mapigano ya Agincourt ya mwaka 1415 yalipigwa picha Ireland, na deraya za pete walizovaa askari zilifumwa kwa uzi mzito kisha zikapakwa rangi ya metali. Wachekeshaji wa Monty Python nao, katika filamu yao ya mwaka 1975 kuhusu Mfalme Arthur, iliyopigwa picha Scotland, waliwavalisha mashujaa wao sufu iliyofumwa na kutiwa fedha.

Kwa nini uzi uliofumwa unaonekana chuma? Kwa sababu mfumo wenyewe umeshaleta umbile. Kila kitanzi kina upande wa nuru na upande wa giza. Rangi imekuja kuongeza kidogo tu. Basi mwalimu asiye na fedha za makopo ya alama za nyundo hana sababu ya kukata tamaa. Atengeneze umbile kwa mkono wake, kisha atumie rangi yoyote ya fedha iliyopo, hata ile ya mageti inayopakwa kwa brashi na sifongo.

Njia ziko nyingi. Trei za mayai zikilowekwa, zikapondwa na gundi ya mbao, zikapakwa juu ya kofia ya kadibodi, zinakauka na uso wa chuma kilichosubiwa kwenye mchanga. Huo ni uso mzuri mno kwa chungu, kengele au mzinga wa ngome. Unga wa mbao uliochekechwa ukinyunyizwa juu ya gundi mbichi unatoa uso wa chuma kilichooza. Karatasi laini ya chooni ikikunjwakunjwa na kubandikwa kwa gundi inatoa mikunjo ya bati lililopigika. Misumari ya deraya ni matone ya gundi ya moto, au dengu kavu zilizobandikwa kwa safu. Kandambili zilizochakaa, ambazo bahari yetu inatuletea ufukweni bila kuombwa, zimetengenezwa kwa sponji ngumu inayokatika kwa kisu na kukunjika kwa moto, nayo ndiyo aina ya sponji inayotumiwa na mafundi wa Ulaya na Marekani kwa mabamba ya kifua. Nairobi kuna kampuni, Ocean Sole, inayochonga sanamu za wanyama kutokana na kandambili hizo hizo. Kwa ukanda wa mkononi au bamba la bega, ni mali safi.

Sponji hiyo ina vitundu, itakunywa rangi yako yote. Izibe kwanza kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, tabaka mbili tatu, iache ikauke. Na ole wake anayepuliza rangi moja kwa moja juu ya lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye maboksi ya televisheni. Kiyeyushi kinalila. Kwa dakika moja bamba zuri la kifua linakuwa na mashimo. Povu hilo lifunikwe kabisa kwa karatasi na gundi, au lipakwe rangi ya maji, kisha tu liguswe na kopo.

Jambo moja kuhusu vanishi. Ule mng'ao mkali unaofanana na kioo, unaouzwa kama rangi ya kromu, unatokana na magamba ya alumini yaliyopanda juu kabisa ya rangi na kulala pamoja. Ukipuliza vanishi juu yake, kiyeyushi kinayavuruga, na kromu inageuka kijivu. Watu hulalamika kwamba wameuziwa rangi mbovu. Rangi haina kasoro. Kwa vifaa vingi vya jukwaani kijivu hicho ndicho ninachokitaka, na huwa nakitafuta makusudi kwa vanishi isiyong'aa. Taji la mfalme pekee nitaliacha bila vanishi, na nitamwambia mwigizaji alishike kwa ukingo wa ndani.

Halafu kuna taa. Kitu ulichokimaliza uwanjani asubuhi hujakimaliza mpaka ukione chini ya taa za ukumbi. Taa ya manjano inaigeuza fedha kuwa dhahabu, na sindano yako ya shaba inaweza kupotea kabisa katika mwanga mwekundu. Taa za mbele zinafuta vivuli vya vibonde. Taa ya pembeni inavifufua. Zungumza na mtu wa taa mapema. Mwambie: Liongo anapokata mnyororo, nipe taa kutoka ubavuni. Ni ombi dogo, na kazi yako yote ya nyundo na kahawia itafika mpaka viti vya nyuma.

Rangi haitakupa uzito wala sauti, hayo lazima yatoke kwa watu. Mwigizaji afanye mazoezi akiwa na mnyororo wa kweli siku chache, mabega yake yajifunze unavyovuta, kisha apewe wa plastiki. Na nyuma ya pazia akae kijana na mnyororo halisi ndani ya karai, akiutikisa kila Liongo anaposogea. Nimekaa nyuma ya ukumbi na kuona watu wazima wakikunja nyuso kwa huruma kwa sababu ya vipande vya bomba la maji na karai moja.

Mwisho, swali ambalo walimu huniuliza zaidi ya mengine: kama shule ina uwezo wa kopo moja tu, tuitumie rangi hiyo wapi? Wengi wangeitia kwenye taji la sultani au kwenye mapanga ya askari. Mimi naiweka yote kwenye mnyororo. Sultani anaonekana kidogo na kuondoka, askari wanasimama nyuma, na sindano itapakwa kwa brashi kutoka kikopo kidogo cha rangi ya shaba. Mnyororo uko mbele ya watu tangu Liongo anapofungwa mpaka unapokatika, mwigizaji anauinua, anauburuta, anaukumbatia, anaukata mbele ya macho yao. Mkimaliza, geuza kopo juu chini na upulize mpaka itoke gesi tupu, ili tundu lisizibe. Rangi itakayobaki itawafaa kwa maonyesho ya pili, kwani pete zitachubuka palepale Liongo anapozikata, na kijana wa karai anaweza kuzipiga tena Jumamosi asubuhi, nje, kivulini, upepo ukiwa mgongoni kwake.